Kufuatilia protini moja moja kwenye utando wa seli kwa hadubini ya TIRF: mwongozo kamili

Mwaka 1970 Frye na Edidin waliunganisha seli ya panya na seli ya binadamu, protini za utando wa kila upande zikiwa zimetiwa rangi yake. Mwanzoni rangi hizo zilikaa nusu kwa nusu. Baada ya dakika 40 hivi kwenye nyuzijoto 37 zilikuwa zimechanganyika seli nzima. Miaka miwili baadaye Singer na Nicolson waliueleza utando kuwa ni mafuta majimaji ambayo protini zinaelea ndani yake. Tangu hapo hakuna anayebisha kwamba protini hutembea. Kinachoulizwa ni zinatembea kwa kasi gani, zinakwama wapi, na ni nini kinachozikwamisha.

Siku hizi maswali hayo hujibiwa kwa kutazama molekuli moja moja ikihama kwenye seli hai. Vifaa vipo, programu nyingi za uchambuzi ni za bure, na video zake zinapendeza kuangalia. Shida ni kwamba hadubini itakupa namba ya mwendo hata kama protini yako imeganda kwenye kioo. Namba hiyo ni mchanganyiko wa mwendo wa protini yenyewe, kuhama kwa meza ya hadubini, makosa ya kukadiria mahali molekuli ilipo, na muda ambao kamera ilikuwa wazi. Ili kuzitenganisha, lazima upime pia kitu ambacho una hakika hakitembei, kwa mipangilio ile ile. Ndiyo maana kwenye hatua nyingi hapa chini utakuta nakwambia utazame sampuli isiyo na seli, isiyo na rangi au isiyo hai. Ukizipuuza hizo kwa kuwahi video nzuri, uchambuzi hautakuokoa.

Hatua ya kwanza: jua kasi unayoitarajia

Mwendo wa protini kwenye utando hupimwa kwa kiwango cha difyusheni, D, katika mikromita za mraba kwa sekunde (µm²/s). Kwenye seli hai, protini nyingi zinazopenya utando huangukia kati ya 0.01 na 0.3 hivi. Molekuli za mafuta ya utando zina kasi zaidi, karibu na 1. Molekuli hizo hizo zikiwekwa kwenye utando bandia hukimbia mara kadhaa, hata mara kumi na zaidi, kwa sababu huko hakuna kiunzi cha aktini (nyuzi za protini zinazoshikilia seli kwa ndani) wala msongamano wa protini nyingine.

Kwa nini uijue D kabla ya kuwasha leza? Kwa sababu ndiyo inayokuamulia kasi ya kamera. Kwa wastani, umbali wa molekuli kati ya fremu mbili ni kipeuo cha pili cha 4 × D × muda. Chukua D ya 0.1 na fremu moja kila milisekunde 20: 4 × 0.1 × 0.02 ni 0.008, na kipeuo chake ni mikromita 0.089, yaani karibu nanomita 90. Hapo unaweza kufanya kazi. D ikiwa 1, hatua inakuwa nanomita 280, na utaanza kuchanganya molekuli moja na jirani yake. D ikiwa 0.01, hatua ni nanomita 28, ambayo ni sawa na makosa ya kukadiria mahali kwenye mfumo wa kawaida. Molekuli ya namna hiyo ukiirekodi kwa milisekunde 20 hutaona mwendo wake, utaona kelele. Ongeza muda kati ya fremu.

Kama huhitaji molekuli moja moja, na swali lako ni “je, protini hii kwa jumla inatembea au imefungwa?”, basi fanya FRAP, ile njia ya kuunguza rangi eneo dogo kwa leza na kungoja irudi. Ni rahisi zaidi, na hadubini ya konfokali ya kawaida inatosha. Nitaigusia tena mbele.

Hatua ya pili: hadubini

TIRF hutumia uakisi kamili wa ndani. Mwanga wa leza unapotoka kwenye kioo kwenda kwenye maji kwa pembe kali kupita pembe kikomo, haupiti. Unarudi wote ndani ya kioo. Lakini juu ya uso wa kioo linabaki wimbi la mwanga linalofifia haraka, na kinachowaka ni kile tu kilicho ndani ya nanomita 100 hadi 200 za kwanza. Utando wa chini wa seli uko hapo hapo. Sehemu kubwa ya seli, pamoja na uchafu wake unaowaka, inabaki gizani.

Kioo hupinda mwanga kwa kiwango cha 1.518 hivi, na ndani ya seli ni karibu 1.37, kwa hiyo pembe kikomo iko kwenye digrii 64 na nusu. Kwa leza ya nanomita 561, ukiweka digrii 66 mwanga unafika kina cha nanomita 208. Ukienda digrii 70 unashuka hadi 112. Digrii nne tu, na kina kimekatika karibu nusu. Kwa hiyo pembe ikisogea kati ya sampuli moja na nyingine, mng’ao wa molekuli na idadi utakayoiona vitabadilika bila protini kubadilika hata kidogo. Andika pembe, au namba ya mota inayosogeza leza, kila siku ya kazi.

Unahitaji lenzi obijektivu ya mafuta yenye NA (kipimo cha upana wa pembe ya mwanga ambayo lenzi inaihimili) ya 1.45 hadi 1.49. Lenzi ya NA 1.40 haitoi nafasi ya kutosha juu ya pembe kikomo. Kavaslipu, kile kioo chembamba cha kufunikia slaidi, kiwe cha unene wa milimita 0.17, ndio lenzi hizi zilitengenezewa. Leza ya 561 au 640 ni bora kuliko 488: mwanga wa buluu huamsha mng’ao wa asili wa seli na kuiumiza haraka. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chukua 640.

Kamera iwe EMCCD au sCMOS, aina mbili zinazonasa mwanga hafifu. Kinachopaswa kukushughulisha ni ukubwa wa piseli kwenye sampuli, ambao uwe kati ya nanomita 100 na 160. Piseli ya mikromita 16 chini ya lenzi ya mara 100 inakupa 160. Piseli ya mikromita 6.5 chini ya lenzi ya mara 60 inakupa 108. Ukitumia piseli ndogo zaidi, fotoni chache ulizonazo zinagawanyika bila faida.

Joto nalo lisisahaulike. Lenzi ya mafuta imegusana na kioo, na inanyonya joto kutoka kwenye seli. Sanduku la joto likisema 37 huku lenzi haina hita yake, seli unayoitazama iko chini ya hapo, na D inashuka pamoja na joto. Washa kila kitu mapema, ngoja chuma kizoee, ndipo uanze. Mfumo wa kushika fokasi wenyewe ni karibu lazima.

Hatua ya tatu: kioo

Vipimo vingi vya molekuli moja moja vinaharibikia hapa, kabla seli haijaguswa. Kavaslipu inayotoka kwenye boksi ina madoa yanayowaka kama molekuli, tena yamesimama kabisa, na programu itayahesabu kwa furaha kama protini zilizokwama.

Panga kavaslipu kwenye kishikio, zizamishe kwenye KOH (hidroksidi ya potasiamu) ya mola 1, na uziweke kwenye bafu ya mawimbi ya sauti kwa dakika 15 hadi 20. Vaa glavu na miwani. KOH inakula ngozi. Suuza kwa maji safi ya maabara mara nyingi, kisha ethanoli, kausha kwa naitrojeni. Kama maabara ina mashine ya plazma, dakika chache ndani yake zinamaliza kazi vizuri zaidi. Tumia siku hiyo hiyo.

Sasa kipimo cha kwanza cha kitu kisichotembea: weka kavaslipu safi na bafa tupu, bila seli, bila rangi, nguvu ya leza na muda wa fremu vikiwa vile vile vya jaribio. Hesabu nukta. Zikiwa nyingi kiasi cha kulinganishwa na molekuli unazotarajia kwenye seli, rudi kwenye KOH.

Ili seli zishike, paka fibronektini. Polilisini ni rahisi kupata, lakini ina chaji chanya. Inavuta rangi na kuubana utando wa chini usijiachie. Nimeona watu wakitoa matokeo ya “protini iliyofungwa” ambayo ilikuwa imefungwa na polilisini. Na ukishapaka chochote, rudia ule ukaguzi wa nukta.

Hatua ya nne: kuitia protini rangi

GFP, protini inayowaka kijani, ni nzuri kwa FRAP na kwa kuthibitisha kwamba protini inafika kwenye utando. Kwa molekuli moja moja ni dhaifu: inatoa fotoni chache na kuungua mapema. Ninachopendekeza kwa anayeanza ni kuunganisha protini na HaloTag au SNAP-tag, yaani lebo za protini zinazoshika rangi maalumu, kisha kuongeza rangi ya kemikali kama JF549 au JF646. Rangi hizi hutoa fotoni nyingi, hudumu sekunde kadhaa, na wewe ndiye unayepanga ziwe ngapi.

Zipo njia nyingine. Protini za kuwashwa kwa mwanga kama mEos huruhusu kuwasha chache, kuzifuata mpaka ziungue, kisha kuwasha nyingine, na seli moja ikakupa maelfu ya njia, yaani mapito ya molekuli moja moja; mbinu hii ilionyeshwa mwaka 2008. Nukta kwantamu, vichembe vya semikondakta vinavyowaka, haziungui kirahisi, na mwaka 2003 kundi la Dahan lilizitumia kufuata vipokezi vya glisini kwenye neva kwa muda mrefu ajabu. Ila ni kubwa, hupepesa, na nukta moja inaweza kushika vipokezi viwili kwa mpigo. Kingamwili kamili ina tatizo hilo hilo: ina mikono miwili, inaunganisha protini mbili na kuzipunguza kasi. Ukilazimika kutumia kingamwili, tumia kipande cha Fab chenye mkono mmoja.

Weka lebo upande wa nje wa utando inapowezekana. Hapo unaweza kutumia rangi isiyopenya seli, na kinachowaka ni protini zilizo juu tu, si zile zinazosafirishwa ndani kwenye vifuko. Kabla ya kuendelea, hakikisha protini yenye lebo bado inafanya kazi yake: inashika ligandi (molekuli inayoilenga), inatoa ishara, inaingizwa ndani kama kawaida. Uzalishaji wake uwe mdogo. Promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) yenye nguvu inajaza utando kupita hali ya asili, na msongamano peke yake unabadilisha mwendo.

Utaratibu wa kuanzia ni huu. Weka seli kwenye rangi ya nanomola 0.1 hadi 1 kwa dakika 15 kwenye nyuzijoto 37. Osha mara tatu. Acha seli kwenye maji mapya ya kukuzia kwa dakika 15 hadi 30 ili rangi isiyoshika itoke, halafu osha tena. Hamishia kwenye maji yasiyo na fenoli nyekundu, na yenye riboflavini kidogo au isiyo nayo kabisa, kwa sababu vyote viwili vinawaka. Kama hakuna hewa ya CO₂ kwenye hadubini, ongeza HEPES, bafa ya kushikilia pH, milimola 20.

Sahani moja iwe na seli zisizo na HaloTag lakini zimepitia rangi ile ile, muda ule ule. Nukta utakazoona humo ni rangi iliyonata tu, na ndizo zitakazokusaidia baadaye kuweka kizingiti cha programu.

Rangi iwe kiasi gani? Molekuli zikisambaa ovyo kwa msongamano wa 0.25 kwa kila mikromita ya mraba, jirani wa karibu yuko umbali wa mikromita 1 kwa wastani. Kwa D ya 0.1 na milisekunde 20, hatua ya kawaida ni nanomita 90 na chache sana zitazidi 270. Hapo hakuna utata wa nani ni nani. Seli iliyokaa juu ya mikromita 400 za mraba inakuwa na nukta 100 hivi. Kwa mgeni skrini inaonekana tupu, na kishawishi cha kuongeza rangi ni kikubwa. Kipinge. Ukifikisha molekuli 1 kwa mikromita ya mraba, jirani yuko nusu mikromita, na kila mara zinapopishana programu itabahatisha. Kama umeshazidisha, usitupe sahani: unguza baadhi kwa leza kali kwa sekunde chache, kisha rekodi zilizobaki.

Hatua ya tano: kurekodi

Tafuta seli kwa mwanga wa kawaida au kwa leza iliyopunguzwa. Chagua iliyotandaa vizuri. Seli za COS-7, zitokanazo na figo ya tumbili, hupendwa kwa ubapa wake. Kisha ongeza pembe polepole. Mwanzoni mwanga unapita moja kwa moja juu, halafu unainama, halafu unatokeza pembeni kabisa mwa sampuli. Wakati huo usiinamishe uso kutazama. Boriti hiyo iko kwenye usawa wa macho. Ghafla boriti inapotea, usuli wa picha unakuwa mweusi, na nukta zinajitokeza kali. Hapo umefika. Ongeza kidogo tu zaidi.

Swali la kwanza ukiwa na nukta skrini nzima: je, ni molekuli moja moja? Zitazame zikizimika. Molekuli moja huzimika kwa mkupuo mmoja, kama taa. Nukta inayofifia kwa ngazi mbili tatu ni mkusanyiko. Chora mng’ao wa nukta kadhaa dhidi ya muda uhakikishe kabla ya kupoteza siku.

Sasa nguvu ya leza. Nukta moja kwenye kamera ina upana wa nanomita 250 hivi, lakini kitovu chake kinaweza kukadiriwa kwa usahihi zaidi ya hapo. Kwa hesabu rahisi, kosa ni mchepuko wa nukta, tuseme nanomita 130, ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni. Fotoni 300 zinakupa nanomita 7.5. Usifurahi, usuli na kelele ya kamera vinalipandisha, na kwenye seli hai nanomita 20 hadi 30 ni matokeo ya heshima. Leza kali inapunguza kosa lakini inafupisha njia, kwani rangi inaungua. Kwa kupima D, mimi huchagua njia ndefu kuliko nukta kali.

Rekodi fremu 500 hadi 2000, kisha hamia seli nyingine. Usikae juu ya sahani moja zaidi ya saa moja. Seli zilizopigwa mwanga na kukaa nje ya inkubeta huanza kujikunja, na utando unaojikunja hauna habari ya kukupa.

Kabla ya kuzima mashine, rekodi vitu viwili vilivyosimama. Cha kwanza ni chembe za plastiki za nanomita 100 zilizonata kwenye kioo. Hizo zinaonyesha kuhama kwa meza. Ila zinawaka sana kuliko molekuli yako, kwa hiyo hazikuambii kosa halisi la kukadiria mahali. Cha pili ndicho cha maana: seli zile zile, protini ile ile, rangi ile ile, zikiwa zimegandishwa kwa kemikali. Na hapa kuna mtego. Formaldehaidi peke yake, hata ya asilimia 4, haitoshi. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha kuwa molekuli nyingi za utando huendelea kutembea kwenye seli zilizogandishwa namna hiyo. Ongeza glutaraldehaidi ya asilimia 0.2. Usuli utapanda kidogo, kwani nayo inawaka, lakini angalau kilichosimama kitakuwa kimesimama.

Hatua ya sita: kutoka video hadi njia

Fungua video kwenye Fiji, programu ya bure ya kuchambua picha, na kwanza kabisa angalia sifa za faili. Mara nyingi Fiji husoma fremu za muda kana kwamba ni tabaka za kina. TrackMate, zana ya kufuatilia nukta iliyo ndani ya Fiji, itakuuliza kama ubadilishane, kubali. Andika ukubwa wa piseli, kwa mfano mikromita 0.16. Andika muda kati ya fremu, na uwe muda halisi kutoka mwanzo wa fremu hadi mwanzo wa inayofuata, pamoja na muda wa kamera kusoma picha. Ukijaza milisekunde 20 za kufungua kamera wakati fremu zinatoka kila 25, kila D utakayotoa itakuwa juu kwa robo nzima.

Katika TrackMate chagua kitambuzi cha LoG, kipenyo cha mikromita 0.5, na uwashe ukadiriaji wa chini ya piseli. Kizingiti cha ubora kiweke kwa kutumia ile sahani isiyo na HaloTag: kipandishe mpaka humo zibaki nukta chache mno, kisha usikiguse tena kwa seli zote. Kuunganisha nukta za fremu moja na za inayofuata tumia chaguo la LAP, umbali wa juu mikromita 0.3 kwa mfano wetu, na ruhusu pengo la fremu moja au mbili kwa ajili ya kupepesa. Kugawanyika na kuungana kwa njia kuache kumezimwa.

Kisha kaa utazame video huku njia zimechorwa juu yake. Hakuna namba inayochukua nafasi ya macho hapa. Utaona njia inayoruka kutoka nukta moja hadi nyingine, utaona nukta nje ya mipaka ya seli. Hizo za nje ni dhahabu: ni rangi iliyonata kwenye kioo, na ukigawanya idadi yake kwa eneo la nje unajua ni ngapi za namna hiyo zimejificha chini ya seli.

Watu wengi hutupa njia fupi kuliko fremu 10. Inasaidia hesabu, lakini ina upendeleo: molekuli za kasi hutoka kwenye fokasi au hukatika mapema, kwa hiyo ukibakisha ndefu tu umebakisha za polepole. Linganisha matokeo ya kizingiti cha 5 na cha 10. Yakitofautiana sana, yaseme wazi.

Hatua ya saba: D, na kosa linalojificha

Kwa kila njia hesabu wastani wa mraba wa umbali, MSD, kwa kila muda. Kwa mwendo huru, MSD ni 4 × D × muda, mstari ulionyooka. Kwa vipimo halisi kuna nyongeza mbili. Kosa la kukadiria mahali, σ, linaongeza 4σ². Ukungu wa molekuli kutembea wakati kamera iko wazi unapunguza 4/3 × D × muda wa fremu, kama kamera iko wazi fremu nzima.

Tuweke namba. σ ni nanomita 25, kwa hiyo 4σ² ni 0.0025 µm². D ni 0.1 na fremu ni milisekunde 20, kwa hiyo ukungu unaondoa 0.0027. Zinafutana karibu kabisa! Mstari wako utapita sifuri na utadhani mfumo hauna kosa lolote. Sasa chukua molekuli iliyoganda, σ ile ile. Haina ukungu, kwa hiyo MSD yake ni 0.0025 kwa kila muda. Mtu anayekadiria D kwa nukta ya kwanza tu, akigawanya kwa 4 × 0.02, anapata 0.031 µm²/s. Hiyo ni D ya protini ya kawaida kabisa, na imetoka kwa kitu ambacho hakijasogea hata nanomita moja.

Kwa hiyo usitumie nukta moja. Chora mstari kupitia nukta tatu au nne za kwanza za MSD, chukua mteremko, gawanya kwa 4. Pitisha seli zilizogandishwa kwenye hesabu ile ile. Mahali mstari wao unapokata mhimili wima panakupa σ halisi, na mtawanyiko wa D zao unakuonyesha mpaka ambao chini yake huwezi kudai mwendo. Asilimia 95 ya njia zilizogandishwa zikiwa chini ya 0.008, basi molekuli hai yenye D ya 0.006 iite “isiyosogea kwa kipimo chetu” na uishie hapo.

Nukta za mbali za MSD zina kelele nyingi, usizipe uzito. Lakini umbo la jumla lina habari. MSD ikipinda na kutulia, molekuli imefungwa kwenye eneo. Kwa kizimba cha mraba chenye upande L, kilele ni L²/3, baada ya kuondoa 4σ². Ikitulia kwenye 0.03, L ni mikromita 0.3.

Usikimbilie kusema hakuna vizimba kwa sababu tu mstari umenyooka. Mwaka 2002 kundi la Kusumi lilirekodi mafuta ya utando kwenye seli za figo ya panya kwa fremu moja kila mikrosekunde 25, kwa kutumia chembe za dhahabu. Waliona molekuli ikizunguka kwenye chumba cha nanomita 230 kwa milisekunde 11 kwa wastani, kisha ikiruka kwenda cha jirani. Kwa kamera ya milisekunde 20, mambo hayo yote yanaonekana kama mwendo huru wa polepole.

Usitoe wastani mmoja wa D kwa njia zote. Chora histogramu ya logi ya D. Mara nyingi utaona vilima viwili, vilivyokwama na vinavyotembea, na dawa au ligandi huhamisha molekuli kutoka kilima kimoja kwenda kingine bila kugusa kasi ya yeyote. Programu kama vbSPT, ya mwaka 2013, hutenganisha hali hizo hata ndani ya njia moja.

Kwenye takwimu, kipimo chako ni seli, na juu yake siku ya jaribio. Njia 8000 kutoka seli tatu si sampuli 8000. Thamani ya p itatoka ndogo ya kupendeza, lakini haina maana.

Kuhakiki kwa FRAP

Unguza duara la nusu kipenyo cha mikromita 1 kwenye seli zenye GFP, rekodi mng’ao ukirudi, sahihisha kwa kuungua kwa jumla. D ni 0.224 × r² ukigawanya kwa muda wa kufika nusu. Nusu ikifika baada ya sekunde 2.2, D ni karibu 0.1. Rekodi pia sehemu isiyorudi kamwe. Kama FRAP inasema theluthi moja hairudi na njia zako za TIRF hazina kilima cha waliokwama, kuna kitu umekichuja bila kujua.

Yanapoharibika

Kila kitu kimesimama: angalia polilisini, joto, na nukta nje ya seli. Nukta zinatokea fremu moja na kupotea: rangi huru kwenye maji, osha zaidi. Kila kitu kina kasi kupita matarajio: huenda unafuata rangi iliyoingia kwenye mafuta ya utando, tazama sahani isiyo na HaloTag. Dawa ya kuvunja aktini kama latrunkulini haikubadilisha kitu: thibitisha kwanza kwamba aktini imevunjika. Kutoa kolesteroli kwa siklodekstrini kumebadilisha kila kitu: usishangae, inayumbisha seli nzima, na matokeo yake peke yake hayathibitishi lolote kuhusu kolesteroli.

Njia zote zikielekea upande mmoja, meza inahama au seli inatambaa. Chembe za plastiki zitakuambia ni ipi kati ya hizo mbili: zikihama nazo, toa mwendo wao kwenye kila njia kabla ya MSD, zikiwa zimetulia, seli ndiyo inayotambaa, basi chagua nyingine.